Maji Yaende Wapi? Upangaji wa Mabomba ya Kutoa Maji Chini ya Mashamba

Utangulizi

Aghalabu mkulima huililia mvua. Ni nadra kumsikia akilalamika kwamba shamba lake lina maji kupita kiasi, ilhali maji yanapozidi udongoni huweza kuangamiza mazao sawa na ukame. Sababu yake ni kwamba mizizi nayo hupumua. Udongo wenye afya una vitundu vingi vidogo, baadhi vikiwa na maji na baadhi vikiwa na hewa. Mvua inaponyesha mfululizo katika ardhi tambarare isiyopitisha maji upesi, vitundu vyote hujaa maji, hewa hufukuzwa, na mizizi hukosa oksijeni. Majani hugeuka manjano, bakteria huigeuza naitrojeni ya udongo kuwa gesi inayopotelea angani, na trekta haliwezi kuingia shambani bila kukwama. Mkulima hubaki akingoja jua huku msimu wa kupanda ukimpita.

Makala haya yanaeleza jinsi mabomba yanayofukiwa chini ya shamba yanavyopangwa ili kuondoa maji hayo. Mfano mkuu ni wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, ambako teknolojia hii imeenea mno na ambako manufaa na madhara yake yamejadiliwa kwa muda mrefu. Hoja inayoongoza makala ni kwamba mpango wa kutoa maji huanzia pale maji yanapoishia, wala si pale yanapoanzia. Hoja hii ni ya kihandisi kwanza. Hata hivyo, kama itakavyobainika, ni hoja ya ujirani na haki vilevile.

Istilahi

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayotaja njia za maji: mtaro, mfereji, mchirizi, mfumbi na mengineyo. Maneno hayo yote hutaja njia iliyo wazi, ambayo mtu huiona kwa macho. Njia inayozungumziwa hapa imefichwa ardhini, na kwa hivyo yafaa istilahi chache zibainishwe mapema ili msomaji asitatizike.

Katika makala haya, mtaro ni njia ya maji iliyo wazi. Handaki ni shimo refu na jembamba linalochimbwa ili bomba lilazwe ndani yake kisha lifukiwe. Bomba tanzu ni lile linalopokea maji moja kwa moja kutoka udongoni. Bomba kuu ni lile linalokusanya maji ya mabomba tanzu na kuyapeleka nje ya shamba. Mdomo ni pale bomba kuu linapomwaga maji yake mtaroni au mtoni. Uso wa maji ya ardhini ni kimo ambacho chini yake vitundu vyote vya udongo vimejaa maji.

Neno kigae nalo lastahili kutajwa. Wakulima wa Marekani huyaita mabomba haya vigae hadi leo, hata ingawa sasa ni ya plastiki, kwa kuwa ya awali yalifinyangwa kwa udongo na kuchomwa tanuuni. Katika Kiswahili kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na pia ni kipande cha udongo wa kuchoma kinachoezekewa nyumba. Maana hizo mbili zinakutana vizuri katika historia ya teknolojia yenyewe.

Historia kwa Muhtasari

Mtu anayetajwa kuwa mwasisi wa mabomba haya Marekani ni John Johnston, mkulima aliyehamia huko kutoka Uskoti mwaka wa 1821 na kununua shamba karibu na mji wa Geneva, jimbo la New York. Ardhi yake ilikuwa ya mfinyanzi mzito. Mnamo mwaka wa 1835 aliagiza vielelezo vya vigae kutoka Uskoti, ambako ufundi huo ulikuwa umekwisha kujulikana, na kufikia mwaka wa 1838 alikuwa ameanza kuvilaza ardhini vigae vilivyofinyangwa kwa mkono. Majirani walimcheka wakisema anazika vyungu. Mavuno yake ya ngano yalipoongezeka, kicheko kilikoma na kuiga kukaanza. Hatimaye Johnston alikuwa amelaza takribani maili 72 za vigae, yaani zaidi ya kilomita 115, katika shamba la ekari 320.

Kutoka mashariki teknolojia ilielekea magharibi, hadi katika nchi tambarare za Ohio, Illinois na Iowa. Sehemu ya kaskazini ya kati ya Iowa ilifunikwa na barafu nene hadi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Barafu hiyo ilipoyeyuka iliacha ardhi isiyokuwa na mito ya kutosha. Maji ya mvua yalituama katika mabonde madogo yasiyo na njia ya kutokea. Nyasi zilizoota na kuoza humo kwa maelfu ya miaka ziliunda udongo mweusi wenye rutuba kubwa, lakini udongo huo ulikuwa matopeni. Sheria za serikali kuu za mwaka wa 1849 na 1850 ziliyakabidhi majimbo ardhi chepechepe ili ziuzwe na kukaushwa. Baadaye wakulima wa Iowa waliunda wilaya za utoaji maji, yaani vyombo vya kisheria vinavyotoza kodi wenye mashamba ili kugharimia mitaro na mabomba makuu yanayopita katika ardhi ya watu wengi.

Katika miaka ya 1960 bomba la plastiki lenye mikunjo lilianza kuchukua nafasi ya kigae. Bomba hilo ni jepesi, huviringishwa kama kamba, na hulazwa na mashine inayochimba, kulaza na kufukia kwa mwendo mmoja. Kisha ikaja miale ya leza ya kuongoza mteremko, na baadaye vipimo vya setilaiti. Kazi iliyomchukua Johnston miaka mingi sasa hukamilika katika siku chache. Upande wa pili wa mizani ni huu: ikilinganishwa na hali ya miaka ya 1780, kufikia miaka ya 1980 Iowa ilikuwa imepoteza takribani asilimia 89 ya ardhioevu zake.

Maji Huingiaje katika Bomba?

Wengi hudhani kwamba bomba hunyonya maji kutoka udongoni, jinsi mtu anavyonyonya kinywaji kwa mrija. Dhana hiyo si sahihi. Bomba halinyonyi chochote. Kigae cha kale kilikuwa kipande kifupi, na vipande vilipangwa kimoja baada ya kingine. Maji yaliingia katika nyufa za maungio. Bomba la plastiki limetobolewa vitundu vidogo katika mikunjo yake. Kwa vyovyote vile, maji huingia tu wakati udongo unaolizunguka bomba umeshiba kabisa na maji yana uzito wa kuyasukuma yapite.

Hapa pana jambo ambalo mpangaji hana budi kulielewa. Udongo huwa na maji ya namna mbili. Yako yanayoshikwa na chembe za udongo kama sponji iliyokamuliwa inavyobaki na unyevu. Hayo ndiyo mmea huyanywa, nayo bomba haliwezi kuyachukua. Yako pia yanayotiririka kuelekea chini kwa uzito wake. Hayo ndiyo huziba hewa, na hayo ndiyo bomba huyaondoa. Kwa hiyo shamba lililowekewa mabomba vizuri halikaushwi. Aidha, mizizi isiyozuiwa na maji mwanzoni mwa msimu huteremka chini zaidi, na jua likali lijapo baadaye mmea huweza kufikia unyevu ambao mmea wenye mizizi mifupi usingeufikia.

Uso wa maji ya ardhini baina ya mabomba mawili hauwi bapa. Huwa na umbo la mgongo wa tembo: chini kabisa ni pale juu ya mabomba, na kileleni ni katikati yake. Kazi yote ya kupanga kina na nafasi ya mabomba ni kazi ya kuhakikisha kwamba kilele hicho kinashuka upesi baada ya mvua, kabla ya mizizi kuathirika.

Hatua ya Kwanza: Mdomo

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Mpangaji asiyeanza na mkondo huo hujikuta amenunua mabomba ambayo hayana pa kumwagia. Ndiyo maana swali la kwanza halihusu ukubwa wa bomba wala bei yake. Swali la kwanza ni: maji yaende wapi?

Chukua shamba la mfano lenye umbo la mraba, urefu wa mita 400 na upana wa mita 400, yaani hekta 16, likiwa bapa kabisa. Mtaro uko katika pembe moja. Mkulima anataka mabomba tanzu yawe na urefu wa mita 400 kutoka upande mmoja hadi mwingine, na bomba kuu lipite ukingoni hadi mtaroni. Bomba tanzu likianza kwa kina cha mita 0.9 na kushuka kwa mteremko wa asilimia 0.1, litakuwa limeshuka sentimita 40 litakapolifikia bomba kuu, yaani kina cha mita 1.3. Bomba kuu nalo likiteremka kwa asilimia 0.2 kwa mita 400, litashuka sentimita 80 zaidi. Bila kuhesabu unene wa mabomba yenyewe, mdomo utakuwa katika kina cha mita 2.1. Inapendekezwa mdomo uwe takribani sentimita 30 juu ya kimo cha kawaida cha maji ya mtaroni ili usizame. Kwa hivyo uso wa maji ya mtaro huo hauna budi kuwa mita 2.4 chini ya shamba.

Je, mtaro wenyewe una kina cha mita 1.9 tu? Mpango mzima unabadilika. Bomba kuu laweza kupitishwa katikati ya shamba badala ya ukingoni, ili kila bomba tanzu liwe na urefu wa mita 200 tu. Hapo sentimita 20 zinaokolewa. Mteremko wa bomba kuu waweza kupunguzwa hadi asilimia 0.1, na kipenyo chake kiongezwe ili lisilemewe. Hapo sentimita 40 nyingine zinaokolewa. Mdomo sasa unapanda hadi kina cha mita 1.5, na mtaro unatosha. Iwapo hata hivyo hautoshi, itabidi kuchimbwe kisima cha kukusanyia maji na kutumia pampu, gharama ambayo itadumu maadamu shamba lipo. Mkulima aliyeanza na mdomo huyajua haya angali na kalamu na karatasi. Asiyeanza nao huyajua handaki likiwa limekwisha kuchimbwa.

Mdomo una swali jingine ambalo mizani ya fundi haiwezi kulijibu: mtaro ni wa nani, na unaelekea kwa nani? Katika Iowa swali hili lilikuwa zito kiasi cha kuundiwa wilaya na kodi zake. Mtu hawezi kukausha shamba lake kwa kulifurikisha la jirani.

Hatua ya Pili: Kuusoma Udongo

Mnamo mwaka wa 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya mjini Dijon kuhusu maji yanayopita katika mchanga. Alionyesha kwamba wingi wa maji yanayopita hutegemea mambo mawili makuu: nguvu inayoyasukuma, na tabia ya mchanga wenyewe ya kuruhusu maji yapite. Tabia hiyo ya pili, yaani upenyezaji, ndiyo humfanya mpangaji achimbe mashimo shambani kabla ya kuchora lolote.

Udongo wa kichanga huweza kupitisha maji kwa mwendo wa mita kadhaa kwa siku. Udongo wa mfinyanzi mzito huweza kupitisha sentimita chache tu. Katika shamba moja pengine zipo aina tatu au nne za udongo, na tabaka gumu linaweza kuwa limejificha mita moja chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mpangaji hulazimika kuchimba mpaka chini ya kina cha bomba, aone rangi ya udongo, na kupima mwendo wa maji kupanda katika shimo. Rangi hasa hutoa ushahidi mwingi. Udongo wa kijivu uliochanganyika na madoa ya kutu huonyesha mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila mwaka, hata kama siku ya kupima ni ya kiangazi.

Hatua ya Tatu: Kina na Nafasi

Mabomba tanzu ya Iowa kwa kawaida huwa katika kina cha baina ya mita 0.9 na 1.2. Kina hicho huyakinga dhidi ya uzito wa mashine na huacha nafasi ya mizizi. Suala gumu ni umbali baina ya bomba na bomba. Likiwekwa mbali mno, kilele cha maji katikati hakishuki kwa wakati. Likiwekwa karibu mno, fedha zinafukiwa ardhini bure. Kwa nafasi ya mita 20, hekta moja huhitaji mita 500 za bomba tanzu. Kwa nafasi ya mita 10, huhitaji mita 1,000. Katika shamba la mfano la hekta 16, hiyo ndiyo tofauti ya kilomita 8 na kilomita 16.

Kanuni inayotumika sana kukadiria nafasi hiyo ilitolewa mwaka wa 1940 na mtaalamu wa Uholanzi, S. B. Hooghoudt. Kanuni hiyo inahusisha upenyezaji wa udongo, unene wa udongo unaopitisha maji chini ya mabomba, kimo kinachoruhusiwa cha kilele juu ya mabomba, na kima cha maji yanayopaswa kutolewa kwa siku. Kima hicho cha mwisho, katika sehemu kubwa ya Iowa, hukadiriwa kuwa takribani milimita 10 kwa siku. Maana yake si kwamba mvua ni milimita 10. Ni kwamba mfumo uweze kuondoa kiasi hicho cha maji katika kila mita ya mraba ya shamba kwa saa 24.

Tuseme unene faafu wa udongo chini ya mabomba ni mita 1, na kilele kinaruhusiwa kuwa nusu mita juu ya mabomba. Udongo wenye upenyezaji wa mita 0.5 kwa siku utahitaji nafasi ya takribani mita 16. Upenyezaji ukiwa mara nne ya huo, yaani mita 2 kwa siku, nafasi haiongezeki mara nne. Huongezeka mara mbili tu, kufikia takribani mita 32. Upenyezaji ukishuka hadi mita 0.1, nafasi hupungua hadi takribani mita 7. Mifano hii inadhihirisha mambo mawili. Kwanza, kosa dogo katika kupima udongo haliharibu mpango, kwa kuwa nafasi hubadilika polepole kuliko upenyezaji. Pili, upo udongo ambao kwa uzito wake mabomba hayafai kabisa, kwa sababu gharama ingezidi mavuno.

Hatua ya Nne: Mteremko na Kipenyo

Shamba la hekta 16 linalotoa milimita 10 kwa siku humwaga mita za ujazo 1,600, yaani lita milioni 1.6 kila siku, au takribani lita 18.5 kila sekunde. Haba na haba hujaza kibaba: matone yanayochuruzika kutoka kila pembe ya shamba huwa kijito yanapokutana katika bomba kuu. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 250 na mteremko wa asilimia 0.2 hupitisha takribani lita 20 kwa sekunde, na kwa hiyo linatosha. Mteremko ukipunguzwa hadi asilimia 0.1, bomba hilohilo hupitisha lita 14 tu, na mpangaji hulazimika kuchagua lenye kipenyo cha milimita 300.

Uhusiano huu unafaa kukumbukwa. Mteremko ukizidishwa mara mbili, uwezo wa bomba huongezeka kwa takribani asilimia 40 tu. Kipenyo kikizidishwa mara mbili, uwezo huongezeka zaidi ya mara sita. Katika nchi tambarare, ambako mteremko ni haba, kipenyo ndicho hufidia.

Hata hivyo mteremko hauwezi kupunguzwa bila kikomo. Maji yanayokwenda polepole hutua mzigo wake. Wahandisi hupendekeza mwendo usipungue takribani sentimita 15 kwa sekunde, na palipo na mchanga laini au tope jepesi, usipungue takribani sentimita 43. Vilevile, mteremko usiwe na mawimbi. Bomba likishuka, likapanda kidogo, kisha likashuka tena, pale penye bonde tope hujikusanya mwaka baada ya mwaka hadi njia izibe. Ndiyo sababu kazi ya kulaza huanzia mdomoni na kupanda, si kinyume chake: handaki likichimbwa kutoka chini kwenda juu, maji yanayotokea njiani hujiondokea yenyewe, na kila kipimo hutegemea kimo cha mdomo ambacho kimekwisha kuthibitishwa. Kazi ikikamilika, mdomo huwekewa wavu au kizuizi ili wanyama wadogo wasiingie, na ramani huhifadhiwa. Bomba lisilo na ramani ni urithi uliozikwa bila wosia.

Maji Yakishatoka

Kufikia hapa mpango umekamilika kwa upande wa mkulima. Maji nayo ndiyo kwanza yanaanza safari.

Maji ya bomba huonekana safi. Yamechujwa na udongo, hayana tope. Kwa hakika, mabomba hupunguza maji yanayotiririka juu ya ardhi, na hivyo huweza kupunguza mmomonyoko wa udongo. Hata hivyo nitrati, chumvi ya naitrojeni inayotoka katika mbolea na katika mboji ya udongo wenyewe, haishikwi na chembe za udongo. Huyeyuka na kufuata maji. Zamani maji hayo yangepita polepole katika udongo na ardhioevu, ambako bakteria wangeibadilisha nitrati kuwa gesi. Bomba limeikata safari hiyo. Kutoka mizizini hadi mtaroni si mwendo mrefu tena.

Mji wa Des Moines, makao makuu ya Iowa, huteka maji ya kunywa katika mito ya Raccoon na Des Moines, ambayo hupokea maji ya mashamba yenye mabomba. Sheria ya Marekani hairuhusu maji ya kunywa yawe na zaidi ya miligramu 10 za naitrojeni ya nitrati kwa lita, kwa sababu ya hatari kwa watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Mnamo mwaka wa 2015 shirika la maji la mji huo lilizishtaki wilaya za utoaji maji za kaunti tatu, Sac, Calhoun na Buena Vista, likidai kwamba mabomba na mitaro yao ndiyo inayoleta nitrati ambayo wakazi wa mji hulipia kuiondoa. Kesi hiyo ilitupwa mwaka wa 2017, kwa msingi wa mamlaka ya kisheria ya wilaya hizo. Swali la nitrati yenyewe lilibaki mtoni.

Mbali zaidi, mto Mississippi huimwaga nitrati hiyo katika Ghuba ya Meksiko. Miani hunawiri kwa mbolea hiyo, hufa, huzama, na katika kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini ya bahari. Samaki wanaoweza kukimbia hukimbia. Viumbe wasioweza hufa. Eneo hilo lililokosa oksijeni limekuwa likipimwa tangu mwaka wa 1985. Mwaka wa 2017 lilifikia kilomita za mraba zipatazo 22,700, ukubwa ambao ulikuwa haujawahi kupimwa kabla ya hapo. Mabomba si chanzo pekee cha hali hiyo, lakini ni mojawapo ya njia zake kuu.

Swali la hatua ya kwanza, maji yaende wapi, lilikuwa limejibiwa kwa kila shamba, lakini halikujibiwa kwa mto mzima.

Kuupanga Mdomo Upya

Mbinu za kurekebisha hali hii zipo, na karibu zote hufanyika mdomoni au karibu nao. Ya kwanza ni kudhibiti mdomo. Kisanduku chenye mbao za kuchomoa huwekwa katika bomba kuu. Mbao huchomolewa kabla ya kupanda ili shamba likauke. Hurejeshwa baada ya kuvuna ili maji yabaki udongoni na nitrati isipotee bure. Mbinu hii hufaa penye ardhi tambarare.

Ya pili ni handaki lililojazwa vibanzi vya mbao. Maji ya bomba hupitishwa humo polepole; bakteria hula kaboni ya mbao na, kwa kukosa oksijeni, huitumia nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa. Ya tatu ni kuyaelekeza maji yapite chini ya ukanda wa nyasi na miti ulio kando ya mto badala ya kuyatupa mtoni moja kwa moja. Ya nne ni kurejesha sehemu ndogo ya ardhioevu mahali panapofaa. Pamoja na hizo kuna mimea ya kufunika udongo, kama vile rai, inayopandwa baada ya mavuno ili mizizi yake ichukue nitrati kabla maji hayajaichukua.

Mpangaji wa leo hana udhuru wa kuyasahau haya. Kutenga nafasi ya kisanduku au ya handaki la vibanzi wakati wa kuchora ramani ni jambo rahisi. Kuitafuta nafasi hiyo bomba likiwa limekwisha kufukiwa ni kazi nyingine.

Afrika na Mabomba Haya

Msomaji wa Afrika Mashariki yamkini atauliza iwapo mambo haya yanamhusu. Barani Afrika mfano mkubwa zaidi ni wa Misri. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka wa 1970, kilimo cha kumwagilia maji mwaka mzima kilipanuka, uso wa maji ya ardhini ukapanda, na chumvi ikajikusanya mizizini. Mnamo mwaka wa 1973 serikali iliunda mamlaka maalumu ya miradi ya kutoa maji, na mabomba yamelazwa katika mamilioni ya ekari za bonde na delta ya Nile. Huko lengo kuu ni kuosha chumvi. Tena, sehemu ya maji yanayotoka katika mabomba huchanganywa na maji ya Nile na kumwagiliwa mashamba mengine, kiasi kwamba mdomo wa mmoja ni chemchemi ya mwingine.

Nchini Kenya hali ni tofauti. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Mwea na wa nyanda za Kano hufura unyeshewapo na kupasuka ukaukapo. Ukishafura, upenyezaji wake huwa mdogo mno, na kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu mabomba yangehitaji kukaribiana kupita kiasi. Matuta mapana na mitaro ya wazi hufaa zaidi katika udongo wa namna hiyo. Fauka ya hayo, pale ambapo mashamba ni madogo, njia ya maji ya mtu mmoja lazima ipite kwa majirani kadhaa kabla ya kufika mtoni. Makubaliano yao ndiyo mdomo wa kwanza wa kupangwa, yawe maji yatapita katika bomba au katika mtaro.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba bomba la kutoa maji chini ya shamba hupangwa kwa hatua nne: mdomo, udongo, kina na nafasi, kisha mteremko na kipenyo. Imebainika kwamba mdomo hutawala hatua nyingine zote, na kwamba hesabu zake si ngumu kwa mtu mwenye kalamu, kamba ya kupimia na subira. Imebainika pia kwamba Iowa ilifaulu mno katika kuyaondoa maji mashambani, na kwa miaka mingi haikuyafuata kuona yalikokwenda wala yalichobeba. Gharama ya kutoyafuata haikumwangukia aliyelaza bomba; ilimwangukia mnywaji wa maji wa Des Moines na mvuvi wa Ghuba. Mpangaji atakayechora mdomo wa bomba lake leo anapaswa kuwachora na hao katika ramani yake.